Mwanetu Yuko Berlin: Vijimambo vya Ugenini na Wajibu wa Walio Nyumbani

 

Ndugu wasomaji, kina mama na kina baba, zamani mtu aliposema mwanawe amekwenda kusoma ng'ambo, sisi wa pwani fikira zetu zilielekea Madina, Kairo au Khartoum. Siku hizi mambo yamegeuka. Ukipita mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe utasikia kwamba mtoto wa fulani yuko Ujerumani, na mwengine yumo katika kujifunza Kijerumani ili amfuate. Sababu ziko wazi. Vyuo vikuu vingi vya serikali nchini Ujerumani havitozi karo ya masomo, hata kwa mgeni, ila ada ya kila muhula. Tena tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mkataba wa kuwafungulia njia vijana wenye ujuzi kwenda kufanya kazi kule, na tangu hapo hamu imezidi. Wala Kijerumani si kigeni masikioni mwetu. Tumekisikia kwa watalii wa Bamburi na Diani kwa miaka mingi.

Wazazi wanaotujia kutaka ushauri huuliza aghalabu maswali mawili: je, safari hii yajuzu, na je, mtoto hatapotea? Jawabu la swali la kwanza si refu. Ilimu yenye manufaa hutafutwa popote ilipo, wala hatuhitaji kuegemea yale maneno mashuhuri yanayoitaja China, ambayo wanavyuoni wa hadithi wameyahesabu kuwa dhaifu. Mwenye haja ya kweli ya masomo, na anayeweza kuidumisha dini yake huko aendako, hana kizuizi. Kwa binti, suala la mahramu lina maneno marefu, na kila familia imuulize shekhe wake kabla ya kukata tikiti, si baada yake.

Swali la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Wazazi wanapouliza habari ya kupotea, hofu yao ni pombe, ngoma za usiku na marafiki waovu. Hayo ni ya kuogopwa kweli. Lakini tunapokaa na vijana hawa warudipo likizo, baada ya sala ya Ijumaa au jioni barazani, tunayoyasikia zaidi ni mambo mengine kabisa: tikiti ya treni, king'ora cha moshi, chumba kisichopatikana, jua lisilokuchwa, simu ya nyumbani inayotisha kupokewa. Ni vijimambo vya kila siku. Navyo, kimoja juu ya kimoja, ndivyo vinavyomchosha mtoto mpaka hayo makubwa yakampata akiwa dhaifu. Tena tumegundua kwamba nusu ya vijimambo hivyo huamuliwa hapa hapa nyumbani, kabla mtoto hajafika uwanja wa ndege pale Changamwe.

Waliotangulia

Mswahili kuishi Berlin si jambo la jana. Mwaka 1887 ilifunguliwa katika mji huo skuli ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizosomeshwa. Walihitajiwa wenyeji wa lugha kuwasaidia maprofesa. Katika miaka ya 1890 alikuwako huko Amur bin Nasur kutoka Unguja, naye aliandika kwa Kiswahili habari za safari yake na za mji ule, zikachapishwa mwaka 1894. Baadaye, mwaka 1900, alifika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyesoma chuoni na kusomesha Qur'ani, yule yule ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilitoka mwaka 1903 na hadi leo kinasomwa.

Watu hawa walikwenda kufundisha, lakini mji ukawafanya wanafunzi. Na kisa cha Mtoro kina funzo ambalo wazazi wa leo hawana budi kulizingatia. Mwaka 1904 alioa mke Mjerumani. Mwaka uliofuata akafunga safari kurudi kwao pamoja na mkewe, na serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka pamoja Dar es Salaam. Akarudi Ujerumani, akaishi huko, na mwaka 1927 akafia Berlin. Mlango wa kwao alifungiwa na mkoloni. Sisi leo hatuna mkoloni wa kumlaumu. Mlango wa nyumbani tunaufunga au kuufungua kwa mikono yetu wenyewe. Tutalirudia jambo hili mbele.

Fedha iliyofungwa na chumba kisichopatikana

Kijimambo cha kwanza ni fedha, na hapa familia nyingi huanza kwa kutofahamu. Mwanafunzi anayeomba viza ya Ujerumani hutakiwa aonyeshe kwamba anaweza kujikimu. Njia ya kawaida ni kuweka fedha katika akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, nazo kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa fedha hizo watu wameuza viwanja, kina mama wametoa bangili zao za dhahabu, na jamaa wamechangishana kama wachangiavyo harusi.

Sasa sikilizeni vizuri. Fedha hizo si mtaji, wala si zawadi. Zimefungwa, na kila mwezi hutolewa euro 992 tu. Katika hizo, chumba peke yake chaweza kula zaidi ya nusu. Bima ya afya, ambayo ni lazima, huchukua zaidi ya euro 100. Kinachobaki ni chakula, vitabu, simu na koti la baridi. Basi anayefikiri kwamba mtoto aliyeko Ulaya analala juu ya fedha, na apige hesabu hii kwa kalamu yake.

Chumba nacho ni mtihani. Mabweni ya wanafunzi ni machache kuliko wanaoyataka, na watu hungoja kwa miezi. Nje ya mabweni, chumba kimoja hugombewa na makumi ya watu, na mwenye nyumba huwahoji kana kwamba wanaomba kazi. Hapo ndipo matapeli hupata riziki yao ya haramu. Hutangaza chumba kizuri kwa bei nafuu, husema mwenyewe yuko nchi nyengine, na hudai fedha zitumwe kwanza, kisha funguo zitakuja kwa posta. Funguo haziji. Tunamjua binti mmoja wa Changamwe aliyepoteza kodi ya miezi miwili kwa njia hii kabla hata hajaondoka Mombasa, na mamake hakuambiwa ila baada ya mwaka. Kanuni ni moja: hailipwi hata senti kwa chumba ambacho mtoto mwenyewe, au mtu tunayemwamini, hajakiona kwa macho.

Akishapata chumba, sheria yamtaka aandikishe anwani yake katika ofisi ya serikali ndani ya siku 14. Bila ya karatasi ile, mambo mengi hukwama. Kijana wa kwetu aliyezoea kusema "nitapita kesho" hujifunza haraka kwamba huko hakupitiwi; huombwa miadi kwanza, na miadi yenyewe yaweza kuwa ya wiki kadhaa mbele.

Saa, tikiti na king'ora

Wajerumani na saa ni kama sisi na mawimbi ya bahari: maji yakijaa yamejaa, hayakungoji. Kijana mmoja wa Kisauni aliambiwa na mwalimu wake aje "halb drei". Kwa Kiingereza chake cha shuleni akafahamu kwamba ni nusu baada ya saa tatu ya kizungu, yaani saa tisa na nusu alasiri kwa hesabu yetu. Kumbe Mjerumani asemapo hivyo hukusudia kwamba saa ya tatu imefika nusu yake, yaani saa nane na nusu. Alipobisha hodi, mwalimu alikwisha kuvaa koti. Hakumkemea; alimtazama tu na kuitazama saa ya ukutani. Kijana atuambia mtazamo ule ulimfaa kuliko bakora kumi za chuoni.

Kisha kuna usafiri. Katika vituo vya treni za Berlin hakuna geti la kukuzuia. Waingia, wapanda, washuka, na siku nyingi hakuna anayekuuliza. Mgeni hudhani ni bure. Lakini wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa nguo za kawaida, na faini ya asiyekuwa na tikiti sahihi ni euro 60. Tena haitoshi kuinunua tikiti ya karatasi. Sharti uigonge muhuri mashineni kabla ya kupanda. Kijana wetu mwengine alinunua tikiti yake siku ya pili ya kufika, akaikunja vizuri mfukoni bila ya kuigonga muhuri, akatozwa faini ilhali tikiti anayo. Alilia njia nzima. Sisi tulipomsikiliza tulimwambia kwamba fedha imekwenda, lakini limebaki funzo la amana: katika mji ule geti limewekwa ndani ya nafsi ya mtu. Muislamu ndiye aliyestahiki zaidi kuwa na geti hilo, kwani yeye ameamini kwamba kuna Mwenye kumwona hata asipokuwako mkaguzi.

Nyumbani nako kuna yake. Kuanzia saa 4 usiku ni wakati wa kimya, na Jumapili ni kimya mchana kutwa, maduka mengi yamefungwa. Aliyefika Jumamosi usiku bila ya mkate hulala na njaa hadi Jumatatu, au ale kwa bei ya ghali kituoni. Anayetwanga viungo kinuni Jumapili hugongewa mlango. Takataka hutengwa: karatasi kwake, chupa kwake, mabaki ya chakula kwake. Chupa ya plastiki ya maji ina amana ya senti 25, ukiirudisha dukani mashine hukupa stakabadhi ya fedha yako; wanafunzi hukusanya chupa zao wakanunua mkate.

Na binti mmoja wa Likoni, Mungu amhifadhi, siku ya Ijumaa alitamani harufu ya kwao. Akawasha kijiko cha mkaa, akatia udi aliofungiwa na nyanyake. Hakujua kwamba juu ya dari mna kifaa cha kunusa moshi, ambacho sheria ya mji ule imelazimisha kila nyumba kuwa nacho. King'ora kikalia, majirani wakatoka na watoto wao, na yeye amesimama mlangoni na chetezo mkononi hana la kusema. Mwishowe bibi mmoja mzee wa Kijerumani akaomba anuse kile kilicho ndani. Akakipenda. Tangu siku hiyo wamekuwa marafiki, na binti yetu hupata mtu wa kumsahihishia Kijerumani chake. Udi sasa hufukizwa dirisha likiwa wazi.

Jua lisilotaka kuchwa

Sisi wa Mombasa tumezoea mchana na usiku vinavyokaribia kulingana mwaka mzima. Hatujui neema hiyo mpaka tuikose. Berlin katika mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na huchwa baada ya saa 3:30 usiku. Katika Disemba huchomoza yapata saa 2:15 asubuhi na huchwa kabla ya saa 10 jioni. Kwa hivyo wakati wa baridi, tangu Adhuhuri kuingia hadi Magharibi hazitimii saa nne, nazo huangukia katikati ya vipindi vya masomo. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni, na waliofunga mji ule walikaa takriban saa 18 bila ya kula wala kunywa. Kwa upande wa pili, Ramadhani zinazokuja zaelekea majira ya baridi, na saumu yao itakuwa fupi kuliko yetu. Mwenyezi Mungu hugawa.

Yako mambo matatu ya fikihi ambayo tunawasihi wazazi wahakikishe mtoto ameyasoma kabla ya kuondoka.

La kwanza, mwanafunzi si msafiri kwa miaka yote minne. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, aliyenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukatikiwa na hukumu za safari. Basi asiswali rakaa mbili mahali pa nne mpaka apate shahada. Tumekutana na waliofanya hivyo kwa kutojua.

La pili, kukusanya sala mbili kwa dhiki ya nadra kuna wanavyuoni walioruhusu kwa masharti yao, lakini haikuwekwa iwe ada ya kila siku kwa sababu mtu aona haya kutoka darasani. Wengi wametueleza kwamba walipomwambia mwalimu waziwazi, "Nahitaji dakika kumi," walipewa. Kikwazo kilikuwa haya yao, si mwalimu.

La tatu, tangu karibu katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai, giza la usiku kule halitimii kabisa, na wakati wa Isha huwa na mushkili. Wanavyuoni wamelishughulikia, na misikiti ya huko ina ratiba zao. Mtoto afuate ratiba ya msikiti mmoja wa kuaminika, asigeuzegeuze programu za simu akichagua iliyo rahisi.

Misikiti ipo, alhamdulillahi. Mingi haina mnara. Imo ndani ya majengo ya kawaida, nyuma ya ua, na mpita njia hawezi kuijua. Ule wa Şehitlik una kuba na minara, umejengwa kando ya makaburi ya Waislamu yaliyowekwa pahali pale mwaka 1866. Hotuba aghalabu ni kwa Kituruki, Kiarabu au Kijerumani. Mtoto aliyezoea kusikia Kiswahili cha khatibu wake hapa Kisauni hujihisi mgeni hata msikitini. Na avumilie, arudi Ijumaa ya pili na ya tatu, asimame safu ile ile, awape mkono wale wale. Ujirani wa msikiti hujengwa kwa kuonekana. Hata kibla kitamshangaza: Mombasa twaelekea karibu kaskazini kamili, na kule wanaelekea kusini-mashariki.

Sahani yake

Nyama ya halali hupatikana kwa urahisi katika mitaa kama Neukölln na Kreuzberg, wanakoishi Waturuki na Waarabu wengi. Hatari haiko katika nyama inayojulikana, iko katika vitu visivyodhaniwa: peremende na maziwa ya mgando yaliyotiwa jeletini ya nguruwe, keki zilizonyweshewa pombe, mchuzi uliopikwa kwa mvinyo. Mtoto ajifunze majina ya vitu hivyo kwa Kijerumani kabla ya maneno ya kutalii. Kijana mmoja alitujulisha kwamba maneno ya kwanza aliyoyahifadhi yalikuwa ni ya nguruwe, pombe na jeletini, na kwamba muuza duka alipoona anasoma kila pakiti, akaanza kumwekea kando zile zinazomfaa.

Muhogo, ndizi mbichi na tui la mkebe vipo katika maduka ya Waafrika na Waasia, ila bei yake yaumiza. Dengu, mchele, mayai na mboga ni rahisi. Anayejua kupika huishi kwa heshima. Asiyejua hula mkate mkavu au humaliza fedha yake kwa vya kununua. Na hapa tuna neno na kina mama. Wengi wetu twawalea wavulana wasioweza hata kuchuja chai. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake, akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Basi kumfundisha mtoto wa kiume kupika wali, kufua na kudeki si kumdunisha. Ni kufuata nyendo za mbora wa viumbe.

Simu ya nyumbani

Sasa twafikia kiini cha maneno yetu. Wakati wa baridi jua likichwa saa 10 jioni, na mtoto akirudi katika chumba chake peke yake, hapana adhana, hapana kelele za watoto, hapana jirani wa kumwomba chumvi, moyo hubanwa. Baridi ina koti lake. Upweke hauna koti ila watu. Na watu wake wa kwanza ni sisi tulio nyumbani. Je, tunampigia simu kumwambia nini?

Tutasimulia kisa kimoja, bila ya jina. Kijana wa Mtongwe alikwenda Berlin kusomea uhandisi. Mamake, mjane, aliuza kiwanja. Mwaka wa kwanza alifaulu vizuri. Kisha maombi yakaanza: dada aolewa, ami ni mgonjwa, bati la nyumba lavuja, binamu ataka pikipiki. Kila simu ilikuwa na haja ndani yake, na kila haja ilitanguliwa na maneno ya kwamba yeye ndiye tegemeo. Sheria ya kule humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Kijana akaanza kazi ya ghala, kwanza mwisho wa wiki, kisha usiku wa katikati ya wiki. Akawa analala darasani. Akaanguka mitihani miwili, kisha mitatu. Ruhusa ya kuishi kule hutegemea masomo yasonge mbele; asiyesonga aweza kunyimwa. Haya yote hakuyasema. Akawa hapokei simu. Nyumbani wakasema, "Ulaya imemharibu, amewasahau wazazi."

Mamake alitujia akilia, akitaka kisomo. Tulisoma dua, kwani dua ni silaha ya muumini. Kisha tukamwuliza: katika mazungumzo kumi ya mwisho, mangapi hayakuwa na ombi la fedha? Akanyamaza kitambo, akasema, "Shekhe, sikumbuki hata moja." Jioni ile akamwandikia mwanawe ujumbe wa sauti, nasi tulikuwapo: "Mwanangu, tangu mwezi huu usitume hata senti. Kiwanja nilikiuza ili usome, na radhi zangu unazo. Nipigie tu nikusikie." Yule kijana alipiga simu kabla ya Isha. Alizungumza na mamake saa mbili nzima, na mambo yote yalitoka. Amerudia mitihani, kazi ameipunguza, na Mungu akipenda atamaliza, japo kwa kuchelewa mwaka.

Hatusemi kwamba mtoto asiwasaidie wazazi. Kuwatendea wema ni faradhi. Lakini kumwomba mwanafunzi kana kwamba ni mfanyakazi ni kuvuna shamba ambalo halijatoa shuke. Na mtoto anayeona haya kuwaambia watu wake kwamba ameanguka, huyo mlango wake umefungwa, wala si na mkoloni. Atatafuta mlango mwengine, na hapo ndipo yale makubwa tunayoyaogopa humkuta yamemngojea.

Kabla ya safari

Basi tuweke mambo machache mikononi mwa familia. Wazazi, ndugu na ami wakae pamoja kabla ya safari, wakubaliane kwamba mtoto hataombwa fedha mpaka amalize, na haja za nyumbani zigawanywe kwa waliopo. Mtoto afundishwe kupika, kufua, kutengeneza bajeti na fikihi ya sala na chakula. Atafutiwe kwa jina mtu mmoja mwema wa huko, kijana kwa kijana na binti kwa binti, awe wa kwanza kumpokea. Ijulikane saa ya kupiga simu: Berlin iko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi, kwa hivyo anayepiga saa 12 asubuhi ya Mombasa wakati wa baridi humwamsha mtoto saa 10 ya usiku. Na akiongea naye, aulize kwanza: Umekula nini? Ijumaa uliswali wapi? Nani rafiki yako? Akionekana amevunjika moyo, asiambiwe avumilie tu. Vyuo vina washauri wasiolipisha, na kuwaendea si upungufu wa imani, kama vile kumwendea tabibu wa jino si upungufu wa imani.

Juu ya yote, mtoto aambiwe waziwazi kabla ya kupanda ndege kwamba akianguka, arudi au aseme, na hatafungiwa mlango. Marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mjini kwetu Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu, hakupata alama nzuri katika mtihani wake wa sekondari na Makerere haikumchukua. Akaenda Uingereza, akaanza upya Huddersfield, akapata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, na kabla ya muongo ule kwisha alikuwa profesa katika Makerere ile ile. Alipofariki Marekani mwaka 2014, alirudishwa akazikwa Mombasa, kwa watu wake. Wahenga wetu wa baharini walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kazi yetu tulio nyumbani ni kuhakikisha ngama hiyo ipo, kavu, na ina nafasi ya mtu kukaa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio ugenini, wa kiume na wa kike, awape ilimu yenye manufaa, awakunjulie vifua, awakutanishe na marafiki wema, na awarejeshe kwetu wakiwa na dini yao na afya yao. Na atupe sisi wazazi wao hekima ya kuwasikiliza. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.